Sauti ya sarafu za muuza sigara nayo ipimwe

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nichangie makala ya afya mliyoichapisha mwezi uliopita kuhusu kuacha sigara. Mwandishi alieleza vizuri madhara ya moshi kwa mapafu na moyo, na katika hilo sina neno naye. Ila alipofika kwenye swali la kwa nini mtu aliyekusudia kuacha hujikuta amerudi, alilimaliza kwa sentensi moja tu, kwamba mvutaji huyo hana nia ya kutosha. Mimi nimefundisha baiolojia katika shule za sekondari za Mwanza na Sengerema kwa miaka 31, na katika miaka hiyo nilivuta sigara kwa miaka 22. Niliacha mara 4 nikarudi, mara ya 5 ndiyo iliyodumu. Nia nilikuwa nayo mara zote. Kilichonirudisha kila mara kilikuwa kitu cha kusikia, cha kunusa au cha kuona, na kitu cha namna hiyo kinaweza kupimwa. Ndiyo maana naandika.

Nianze na mara ya tatu, kwa kuwa ndiyo ninayoikumbuka vizuri zaidi. Nilikuwa nimemaliza miezi mitano bila kuvuta. Nilikuwa Kigongo, kando ya Ziwa Victoria, nikisubiri kivuko cha kwenda Busisi, enzi hizo daraja halijajengwa, na foleni ya magari ilikuwa imerudi nyuma mbali sana. Sigara haikuwa akilini mwangu hata kidogo, kwani nilikuwa nasahihisha mitihani niliyoipakata mapajani. Akapita kijana mwenye trei ya sigara, pipi na karanga, akichekecha sarafu kiganjani kama wafanyavyo wauza sigara wa nchi hii, chwa, chwa, chwa. Sikuinua macho. Lakini mate yalinijaa kinywani, na kalamu nyekundu niliyokuwa nimeishika kwa kuandikia ikahama yenyewe ikakaa katikati ya kidole cha shahada na kidole cha kati, mahali ambapo sigara hukaa. Niliiona kalamu ile imehama kabla sijajua kwamba nataka kuvuta. Swali nililokuwa nikilisahihisha sikulimaliza, nilikuwa nimeshamwita. Aliniwashia kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kwa uzi kwenye trei yake, na hadi kivuko kinafika nilikuwa nimeshavuta tatu.

Mwalimu wa baiolojia hawezi kusimulia tukio hilo bila kumkumbuka Ivan Pavlov, Mrusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kazi yake juu ya umeng'enyaji wa chakula. Kila mwanafunzi wangu anawajua mbwa wake waliotokwa na mate kwa kusikia sauti iliyozoeleka kutangulia chakula. Nilichokuwa nikiwasisitizia darasani, na ambacho wengi hukisahau, ni kwamba kila mfugaji anajua mbwa hudondosha mate anaposikia sufuria ikiguswa. Pavlov aliyakinga mate hayo kwa mrija, akayahesabu, akalinganisha siku na siku, sauti na sauti. Hapo ndipo jambo ambalo kila mtu alikuwa akiliona likageuka kuwa elimu. Kwa upande wa sigara kazi hiyo ya kuhesabu imekwishafanywa sana katika nchi nyingine, na ningependa wasomaji wajue inavyofanywa, kwa sababu anayeijua hatamwambia mvutaji kwamba hana nia.

Mvutaji huitwa kwenye chumba tulivu. Kwanza hupuliza pumzi kwenye mashine ndogo inayosoma kiasi cha kaboni monoksidi, hewa inayobaki mwilini kwa saa kadhaa baada ya kuvuta, ili ijulikane kama kweli amekaa muda bila sigara au anasema tu. Kisha huulizwa hamu yake iko wapi kwa wakati ule, ama kwa kuweka alama kwenye mstari unaoanzia 0 hadi 100, ama kwa kujibu sentensi zilizopangwa. Dodoso linalotumika sana lilitungwa na Stephen Tiffany na David Drobes mwaka 1991 likiwa na sentensi 32, na mwaka 2001 likapatikana fupi la sentensi 10. Baada ya hapo anapewa kitu kisichohusiana na sigara, mathalani penseli, aishike, aitazame, ainuse, na hamu yake inapimwa tena. Ndipo inaletwa sigara yenyewe. Anaambiwa aitoe kwenye paketi, pengine aiwashe na kuishika bila kuivuta, na hamu inapimwa kwa mara nyingine, huku vifaa vikisoma mapigo ya moyo, jasho la vidole na joto la ngozi. Tofauti iliyopo kati ya penseli na sigara ndiyo nguvu ya kichocheo. Penseli hutangulia kwa sababu nzuri, kwani hamu ikishaamka haitulii upesi, na kitu kinachofuata baada ya sigara hupimwa kikiwa tayari kimebeba moto wa sigara.

Mwaka 1999 Tiffany na mwenzake Brian Carter walikusanya tafiti 41 za namna hii, za wavuta sigara na za watumiaji wa pombe, kokeini na heroini, wakazipima kwa pamoja. Hamu ya wavuta sigara ilipanda sana mbele ya vichocheo, zaidi ya ilivyopanda kwa walevi wa pombe. Mwili nao uliitika, moyo ukaenda mbio kidogo, jasho likaongezeka na ngozi ikapoa, ingawa mabadiliko hayo ya mwili yalikuwa madogo yakilinganishwa na hamu ambayo watu wenyewe waliieleza. Naliona hilo kuwa jambo la kutafakari. Mtu anayesema kwamba kiu imempanda vibaya hasemi uongo hata kama mapigo yake ya moyo hayajabadilika sana, na mhudumu wa afya asiyeamini mpaka aone kwenye kifaa atakosa mengi.

Hapa inafaa tutenganishe kiu mbili ambazo watu huzichanganya. Ipo kiu ya kupungukiwa, ile ambayo vijana huiita arosto, inayokuja kwa sababu nikotini imeshuka mwilini. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa takriban saa 2, kwa hiyo mvutaji mzoefu huamka asubuhi akiwa mtupu, na sigara ya kwanza humpa anachokitafuta kwa sekunde chache tu, kwa kuwa moshi hupitia kwenye mapafu na kufika ubongoni upesi mno. Na ipo kiu ya kuamshwa, ambayo haingoji nikotini ishuke. Inakuja pale kitu kilichozoea kuandamana na sigara kinapotokea, hata kama mtu hajavuta kwa miezi. Kila pafu moja ni somo moja kwa ubongo, na anayevuta sigara 20 kwa siku, pafu 10 kwa sigara, anaurudishia ubongo wake somo hilohilo mara 200 kila siku. Hakuna mwalimu aliyewahi kurudia somo kiasi hicho.

Kiu hizi mbili hazitibiwi kwa dawa moja. Mwaka 2000 Tiffany na wenzake walipima plasta ya nikotini inayobandikwa kwenye ngozi, wakakuta inapunguza hamu ya jumla inayotokana na kukaa bila kuvuta, lakini pale mvutaji alipooneshwa sigara, hamu yake ilipanda kama ya mtu asiye na plasta. Na mwaka 2011 Gillinder Bedi na wenzake waliwapima watu waliokaa bila sigara siku 7, siku 14 na siku 35, wakaona kwamba hamu inayoamshwa na vichocheo ilikuwa kubwa zaidi kadiri siku zilivyokuwa nyingi. Niliposoma matokeo hayo nilikaa kimya kwa muda mrefu. Yalikuwa yanaeleza foleni ya Kigongo. Arosto yangu ilikuwa imekwisha miezi mingi kabla, na mimi nikadhani nimepona, kumbe ile kiu nyingine haikuwa imekwenda popote. Ilikuwa inasubiri sarafu.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya maabara. Watazame basi safari za ndege. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Israeli na wenzake waliwafuatilia wahudumu wa ndege wanaovuta sigara, katika safari fupi za saa 3 hadi 5 na nusu na katika safari ndefu za saa 8 hadi 13, wakiwaomba waandike hamu yao kila baada ya muda. Kama kiu ingekuwa ni suala la nikotini kushuka tu, aliyekaa saa 10 hewani angepaswa kuteseka kuliko aliyekaa saa 4. Haikuwa hivyo. Kiu ilipanda kadiri kutua kulivyokaribia, na mwisho wa safari fupi ilikuwa kubwa sawa na mwisho wa safari ndefu. Aliyewahi kupanda meli ya kwenda Nansio atakubaliana nami, kwani amewaona wavutaji waliotulia tangu Mwanza wakizungumza mambo yao, na Ukerewe ikianza kuonekana wote wanapapasa mifuko. Ndugu zetu Waislamu wanaovuta wanajua hivyohivyo katika Ramadhani. Mchana saa 8 mtu anafanya kazi zake kwa amani, lakini ikifika saa 12 jioni, futari inapopangwa na watu wanasikilizia adhana, hapo ndipo sigara inapomkaba. Saa zilizopita ni zaidi, ni kweli, lakini kinachomkaba hasa ni kule kujua kwamba sasa inawezekana.

Sasa nije kwenye hoja yangu yenyewe, ambayo inatuhusu sisi wa kando ya ziwa. Vichocheo vilivyopimwa katika tafiti hizi ni vya mahali zilipofanyika. Cynthia Conklin wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh nchini Marekani alionesha kwamba hata picha ya mahali isiyo na sigara ndani yake, kama baa au kituo cha basi, inaamsha hamu ikiwa ni mahali ambapo watu huvutia. Kisha mwaka 2010 yeye na wenzake wakawapa wavutaji kamera, wakapige picha za mahali pao wenyewe wanapovutia na wasipovutia, na picha hizo za kwao ziliamsha hamu kubwa kuliko picha za baa na vituo vya watu wengine. Mahali pa mtu mwenyewe pana nguvu zaidi. Ukichukua basi picha ya baa ya Pittsburgh, ukamwonesha mvuvi wa Igombe, ukaona hamu yake imepanda kidogo tu, hujapima kiu ya mvuvi. Umepima ugeni wa picha.

Kiu ya mvuvi wa Igombe iko kwingine, na ninaweza kueleza iliko kwa sababu mdogo wangu ni mvuvi wa dagaa. Ana miaka 38 na amevuta tangu akiwa na 17. Mwaka jana alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya kuomba msaada, akaulizwa anavuta ngapi kwa siku na ya kwanza anaivuta muda gani baada ya kuamka, akaambiwa apunguze kidogo kidogo mpaka aache. Maswali hayo mawili si mabaya. Ni sehemu ya dodoso la Fagerström, la maswali 6, linalotumika ulimwenguni kupima utegemezi wa nikotini, na swali la sigara ya kwanza ya asubuhi ni zuri sana. Lakini katika maswali yote 6 hakuna linalouliza ni kitu gani kinachoiamsha kiu. Alitoka pale akiwa na ushauri uleule ambao mke wake humpa bure.

Nikampa daftari la kaunta buku na nikamwomba aandike kila kiu inapomjia, saa ngapi, kitu gani kilikuwa kinatokea, na ukubwa wake kuanzia 0 hadi 10, iwe amevuta au hakuvuta. Usiku mtumbwini haandiki mtu, mikono imelowa na mwanga ni wa taa za dagaa tu, kwa hiyo akabuni njia yake. Alijaza punje za mahindi mfuko wa kushoto wa koti, na kila kiu ilipokuja alihamisha punje moja kwenda mfuko wa kulia, mbili ikiwa ni kiu kali, kisha akifika nchi kavu asubuhi anahesabu na kuandika huku usiku bado uko wazi kichwani. Alifanya hivyo giza zima la mwezi, na wakati wa mbalamwezi, wasipokwenda ziwani, akaendelea akiwa nyumbani.

Yeye alikuwa na hakika kwamba anavuta kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Daftari lilisema vingine. Wakati wa kuvuta wavu, ambapo baridi na maji viko kila mahali, punje karibu hazikuhama kabisa. Zilihama pale injini inapozimwa na taa zimeshawekwa juu ya maji, wanasubiri dagaa wakusanyike. Ule ukimya unaoingia ghafla mngurumo unapokatika ndio uliokuwa ukimwita. Cha pili kilikuwa njiti ya kiberiti inapochanwa na mwenzake, sauti yake kwanza, kisha ile harufu kali inayokuja kabla hata tumbaku haijashika moto. Anasema zamani za karabai harufu hiyo na kazi vilikuwa kitu kimoja, taa ikiwashwa na sigara inawashwa. Siku za mbalamwezi, akiwa nchi kavu, kiu ilihamia kwenye kijiwe cha kahawa, na huko hakuandika kahawa yenyewe bali mlio wa vikombe vinavyogonganishwa na muuzaji akiwa bado yuko mtaa wa pili. Na aliandika sarafu, bila mimi kumwambia habari za Kigongo.

Baada ya hapo alibadili mambo machache. Aliwaomba wenzake wawashe kwa kiberiti cha gesi badala ya njiti wakiwa naye, na injini inapozimwa sasa yeye ndiye anayetunza redio. Mfukoni anabeba limau, na kiu ikija analikwaruza ganda kwa ukucha na kulinusa. Hilo la limau nilimshauri mimi, kutokana na utafiti wa Michael Sayette na wenzake, pia wa Pittsburgh, uliochapishwa mwaka 2019. Waliwachukua wavutaji 232 waliokaa saa 8 bila kuvuta, wakawawashisha sigara wasiivute, kisha wakawanusisha harufu mbalimbali. Walionusa harufu waliyoipenda, kama mnanaa, limau au vanila, hamu yao ilishuka kwa takriban alama 19 katika 100, wakati walionusa kitu kisicho na harufu ilishuka kwa takriban 11 tu. Tofauti hiyo si ya kumponya mtu, lakini inatosha kumvusha dakika chache, na ziwani dakika chache ndizo zinazohitajika mpaka dagaa wakusanyike. Mdogo wangu hajaacha. Ametoka paketi moja kwa siku hadi sigara 6 au 7, na zilizobaki anazijua moja moja zinakotoka.

Najua daftari la mtu mmoja si utafiti, na kwamba mtu anayeandika kila kiu hubadilika kwa sababu tu ya kuandika. Wengine husema pia kwamba kumuuliza mvutaji habari za hamu kunaiamsha hamu yenyewe, na wako sahihi. Ndiyo maana kazi hii inataka watu wenye ujuzi. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama ukubwa wa kiu inayopimwa chumbani unatabiri nani atarudi kuvuta na nani hatarudi, na matokeo hayajakubaliana. Lakini ubishi huo kwangu ni sababu ya kupima vizuri zaidi, kwa vichocheo vinavyomhusu mtu, mahali anapoishi. Hata jitihada za kuwazoesha wavutaji vichocheo ndani ya chumba mpaka hamu ife zimeleta matunda kidogo, na sababu mojawapo inayotolewa ni kwamba ubongo unachojifunza katika chumba kile hukiacha palepale mlangoni. Mtu anatoka ametulia, anafika mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na mwalo haujafundishwa lolote.

Mwanza haina upungufu wa watu wa kuifanya kazi hii. Tuna Hospitali ya Rufaa ya Bugando na chuo kikuu cha afya kilicho pale pale, tuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na wote wako mwendo mfupi kutoka mwalo wa Kirumba, ambako kila asubuhi wavutaji ni wengi kuliko atakaowahitaji mtafiti yeyote. Vifaa si vya gharama za kutisha. Mashine ya kupuliza pumzi inashikwa mkononi, na mapigo ya moyo yanapimwa na kifaa kinachobanwa kidoleni. Kinachokosekana ni sanduku la vichocheo vyetu, yaani sauti zilizorekodiwa hapa, vitu vinavyoshikwa hapa, harufu za hapa, na kwa kila kimoja penseli yake, yaani kitu cha kulinganishia kisichohusiana na sigara.

Juu ya penseli hiyo nina pendekezo moja ambalo limenikaa kichwani kwa miaka. Konda wa daladala naye huchekecha sarafu. Sarafu ni zilezile na kiganja ni kilekile, lakini masikio ya mvutaji yanajua tofauti ya mwendo wa konda na mwendo wa muuza sigara. Arekodiwe konda na arekodiwe muuza sigara, wavutaji na wasiovuta wasikilizishwe bila kuambiwa ni nani, na hamu ipimwe kabla na baada. Kama kiu itapanda kwa muuza sigara na isipande kwa konda, na kwa wasiovuta isipande popote, tutakuwa tumepima kitu ambacho hakipatikani katika chumba chochote cha Pittsburgh. Na isipokuwa hivyo, nitakuwa nimekosea kuhusu Kigongo, na nitakubali. Wanaoshiriki waulizwe ridhaa yao, wasiingizwe watu walioacha juzi, na asiruhusiwe mtu kuondoka na kiu tuliyoiamsha sisi mpaka itulie.

Vituo vya afya havina haja ya kungoja utafiti huo. Swali moja liongezwe baada ya lile la idadi ya sigara, nalo ni hili: "Mara ya mwisho kiu ilipokujia bila kuitarajia, ulikuwa umesikia, umenusa au umeona nini?" Jibu liandikwe kwenye faili, na mgonjwa akirudi aulizwe tena.

Sina nia ya kuwafukuza vijana wa trei. Wengi wao niliwafundisha, na wanatafuta riziki. Lakini nchi yetu iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku mwaka 2007, na mkataba huo unazitaka nchi zizuie matangazo ya tumbaku, ziwasaidie wanaotaka kuacha, na zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara moja moja. Tunapozungumzia matangazo tunafikiria mabango na redio. Mchekecho wa sarafu karibu na shule, kwenye stendi ya Nyegezi, au nje ya Uwanja wa CCM Kirumba wakati wa mapumziko, unamfikia aliyeacha sigara kwa uhakika kuliko bango lolote, kwa kuwa hahitaji hata kuinua macho.

Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025 nilivuka kwa gari dogo pamoja na rafiki yangu mmoja ambaye bado anavuta. Zamani hakuwahi kuvuka pale bila kuvuta angalau mbili. Tulipofika ng'ambo nilimuuliza kama amehisi kiu, akafikiri, akasema hata hakukumbuka. Hapakuwa na foleni, na hapakuwa na mtu wa kupita na trei.

Daftari la mdogo wangu lina kurasa 43 zilizojaa, na nimeyapanga yaliyomo kwa saa na kwa kichocheo. Yuko tayari kumwazima mtafiti yeyote wa hapa Mwanza atakayelihitaji, nami nitamkabidhi kwa mkono wangu akiniandikia kupitia ofisi yako. Ameweka sharti moja tu, kwamba lirudishwe kabla ya giza lijalo la mwezi, kwa sababu bado analitumia.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Kirumba, Mwanza